Pimbi Hajamaliza Kuota

Paa!

Mlio mmoja tu, usiku wa manane, kisha kimya. Hapo zamani za kale, wasikilizaji wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na adabu ya kupiga hodi, pimbi wanane waliishi katika nyufa za jabali moja, katikati ya mbuga isiyo na mti hata wa kumfunika panzi.

"Mama, jabali linalia?" aliuliza Tuli, kitinda mimba, kutoka chini ya rundo la ndugu zake.

"Linajinyoosha tu," alijibu Bi Pimbi. "Mchana limevimba kwa joto, usiku linanywea kwa baridi, basi mgongo wake umealika. Lala. Na wewe Kibe, usimkalie mwenzio kichwani!"

Walilala hivyo kila usiku, mmoja juu ya mwingine, kama viazi ndani ya gunia. Maana damu ya pimbi haijui kujipikia. Ikiachwa peke yake, hupoa pamoja na mawe. Asubuhi ilikuwa lazima ipashwe moto na jua; mchana ilikuwa lazima ifichwe ufani, isije ikachemka. Bila jabali, mchana ungemkausha Tuli, usiku ungemgandisha, na siku ya tatu asingeiona.

Mwaka huo mvua ilikosa. Dimbwi likakauka, tope likageuka vigae. Na mwili mkubwa, mnajua, ni kama chungu kikubwa: kikishapata moto, hakipoi upesi.

Asubuhi moja, pimbi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya jiwe, migongo kwa jua, wakasikia: tim! tim! tim!

Akatokea Kifaru, ngozi imempasuka kwa kukosa tope. Nyuma yake Tembo, akipepea masikio: pwaa! pwaa! Damu ikipita masikioni inapoa kidogo, inarudi mwilini, inakuta moto uleule.

"Tokeni!" Kifaru alinguruma. Hakupiga hodi, hakusalimu. "Jabali hili lina uvungu wenye kivuli. Tumelichukua."

"Uvungu tu, Bwana Kifaru, au jabali lote?"

"Lote! Nilale huku vidudu vinanikojolea kichwani? Harufu yenu inafika hadi ng'ambo ya mbuga!"

Bi Pimbi akamtazama Tembo. "Na wewe, Mzee Tembo, unasemaje?"

Tembo akageuza uso. "Sikia la Kifaru, wewe wa mawe. Mimi joto limenishinda."

Wa mawe! Neno hilo lilimchoma Bi Pimbi kuliko jua. Lakini uchungu huo haukumzuia kufikiri. Nguvu hana. Mbio hana, miguu bado imeganda kwa baridi ya usiku. Ana ulimi.

"Haya, wakubwa hawashindwi," alisema kwa upole. "Ila mmetukuta tunaota. Tuacheni tumalize kuota, kisha jabali ni lenu, na kokoto zake."

Kifaru akacheka hadi vumbi likaruka. "Kuota tu? Ota, bibi! Ota hadi uungue!"

"Mtaapa?"

"Naapa kwa pembe yangu! Mpaka mtakapomaliza kuota, sigusi hata kokoto!"

"Nami kwa masikio yangu," Tembo akaitikia, pwaa!

Wakarudi juani kusubiri.

Jua likapanda. Likafika utosini. Jiwe likawa kikaango, na pimbi wakatoweka mmoja mmoja, tui! tui! tui! ndani ya nyufa. Kifaru akaja mbio.

"Haya! Hakuna anayeota tena. Fungasheni!"

Kutoka gizani sauti ya Bi Pimbi ikanong'ona, "Shh! Bado."

"Bado nini? Mnaota jua gani humo ndani?"

"Nani kasema jua? Wanangu wamelala, wanaota ndoto. Huyu Kibe anaota amempiga teke chui. Usimwamshe, ndiyo kwanza chui anaomba msamaha."

Kifaru akachungulia ufani. "Mimi... mimi nilidhani kuota jua!"

"Ulisema kuota, baba. Mbuga nzima imekusikia."

Kifaru akakanyaga chini, akaungua kwato, akaondoka akihema. Tembo alipepea tu, na midomo yake ilikauka hadi ikapauka.

Saa tisa watoto wakaamka, wakatoka kwenye upande wenye kivuli kutafuna majani makavu. Tim! tim! tim!

"Wameamka!" Kifaru alifoka. "Jua hawaoti, ndoto hawaoti. Sasa sema!"

Bi Pimbi akamvuta Tuli karibu, akamwinua mdomo kwa kidole. "Njoo uone, kama macho yako yanafika. Ufizi huu. Kile cheupe ni nini?"

"Jino."

"Linafanya nini?"

Kibe akashindwa kujizuia: "Linaota!"

"Lo!" Kifaru akazunguka mara tatu kama aliyeumwa na nyuki. "Linaota! Linaota! Na litaacha lini?"

"Haya mawili ya mbele, katika ukoo wetu, hayaachi. Huota mpaka mwenyewe afe. Nami ninayo, na mama yangu alikuwa nayo."

"Uongo! Jino gani huota maisha? Mnyama gani mwingine ana jino la namna hiyo?"

"Muulize Tembo."

Masikio ya Tembo yakasimama.

"Tembo anahusikaje na meno ya panya?" Kifaru aliuliza.

"Zile unazoziita pembe zake, Bwana Kifaru, ni meno. Na hayajaacha kuota tangu utoto. Tazama na nyayo zetu, kucha ni bapa kama zake. Bibi yangu na mama wa babu yake walinyonya ziwa moja. Kwa hesabu ya ukoo, hili pande la mnyama linapaswa kuniamkia."

Kifaru akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Tembo! Tembo na hiki kitu! Haya, wewe mwenyewe useme. Ukisema ni uongo, kiapo kimekufa, nawang'oa sasa hivi. Sema, huyu ni nani wako?"

Tuli akaingia chini ya tumbo la mama yake. Bi Pimbi alisikia moyo wa mtoto ukidunda, du du du du, na wake ukiufuata. Neno moja la Tembo, na usiku ule wangelala wazi.

Tembo akatazama pembe zake. Akatazama meno ya yule mdogo. Miaka mingi alikuwa akipita jabali hili na kujifanya halioni, wenzake wasije wakamcheka.

"Uvungu ni mpana," Bi Pimbi akaongeza, taratibu. "Sisi mchana tuko ufani, usiku tuko ufani. Kivuli cha uvunguni hatukitumii. Mngeomba, mngekaa tangu asubuhi, na Bwana Kifaru naye. Wa kuomba ndiye aliyekosekana."

Nanyi mnaosikiliza, shikeni hili: neno ni dogo, lakini lipime uzito kabla hujalibeba.

Kifaru, aliyekwisha kulibeba, akaketi kitako. Tembo akapiga hatua moja, akainamisha kichwa mpaka mkonga ukagusa jiwe. Mbele ya Kifaru, mbele ya mbuga nzima, akasema:

"Hodi. Hodi hapa. Shikamoo, Shangazi."