Nusu ya Kisima cha Ngelela

Nina jambo limenishinda, nisaidieni kuamua.

Palikuwa na watu watatu. Nyamizi, mfyatua matofali, aliujua udongo kwa kuushika tu: huu utakaa, huu utaporomoka. Shigela alikuwa na kamba ya katani, ndefu kuliko zote kijijini, aliyoisokota mwenyewe. Na mtendaji wa kijiji, Bwana Lutonja, alikuwa na daftari na muhuri.

Siku moja Ngelela, akichimba kisima kiwanjani kwake, alifikia maji. Kabla hajafurahi, ukuta ukaporomoka, ukamfukia hadi kifuani. Maji yakaanza kupanda.

"Atakayenitoa nampa nusu ya kisima!"

Nyamizi akashuka bila neno, akauchimbua udongo kwa viganja, akianzia upande usioangusha mwingine. Angekosea shubiri moja, wangefukiwa wote wawili.

Shigela akasimama ukingoni na kamba yake. "Kaka, nusu ya kisima, umesema?"

"Nimesema!"

"Rudia, watu wasikie."

Ngelela akarudia, maji yakiwa shingoni. Kamba ikashuka, Nyamizi akamfunga.

Lakini Shigela peke yake hakuweza kuvuta, na watu waliogopa kusogea: ukingo ulikuwa unamomonyoka. Lutonja akafungua daftari.

"Kuvuta ni hiari," akatangaza. "Asiyevuta, naandika jina lake."

Watu thelathini wakavuta kwa hiari. Wakatoka wote wawili, Ngelela akitapika tope.

"Nusu yangu," akasema Shigela. "Tulipatana."

"Nusu ni ya kijiji, nguvu ilikuwa ya kijiji," akasema Lutonja. "Tena kisima hiki hakina kibali. Kiofisi, wewe Ngelela hukufukiwa."

"Mimi sikupatana na mtu," akasema Nyamizi. "Ila alisema atakayemtoa, hakusema atakayedai."

Ngelela akajipangusa macho. "Nimekichimba mwenyewe, miezi minne. Ahadi niliitoa maji yakinifika shingoni. Kama ile ni hiari, basi hata hawa thelathini wamevuta kwa hiari."

Hapo Lutonja akafunga daftari lake.

Sasa ninyi. Mkimpa Shigela, mmekubali mtu afanye biashara na anayezama. Mkimpa Lutonja, mmeshaandikwa daftarini. Mkimpa Nyamizi, mwelezeni mwenye kamba kwa nini. Na mkimwachia Ngelela kisima chake chote, siku atakayofukiwa mwingine na kuahidi, nani atamwamini?

Je, nusu hiyo mngempa nani?