Kamba ya Kijiji na Mbaazi za Bibi Mwanamvua

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sogeeni, wa mbele msilale.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chenye kamba moja. Kamba nene, ndefu, ya makumbi. Mtu akitaka shamba, kamba ilizungushwa porini, ncha zikakutana, na kilichokuwa ndani kikawa chake. Kamba ni ile ile, kwa hiyo mashamba ni sawa. Hivyo ndivyo walivyoamini wote.

Mshika kamba alikuwa Shomari. Kaka yake alipofariki, akampimia upya mjane wake, Siwatu. Akaivuta kamba kandokando ya kijito, akaivuta, akaivuta, mpaka shamba likawa jembamba kama mshipi. Lake mwenyewe lilikuwa la mviringo, pana kama sinia.

Siwatu akalima. Jembe lake kwa, kwa, kwa. Akapalilia. Kwa, kwa, kwa. Mtama ukaisha ghalani kabla ya mvua. Msimu uliofuata, vivyo hivyo.

Alipolalamika, wakamcheka. Kamba ni ile ile, wakamwambia, basi mvivu ni wewe. Shomari akaenda kwa jumbe. Akasema mwanamke huyu hawezi kuwalisha watoto. Arudi kwao, watoto wabaki kwake yeye, baba yao mdogo. Jumbe akapanga siku ya shauri.

Siwatu akamwendea Bibi Mwanamvua, aliyesuka mikeka. Macho ya bibi huyu yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake havikupumzika. Shaka-shaka, shaka-shaka, miyaa ikapishana. Siwatu akamweleza yote, machozi yakimtoka. Bibi akauliza jambo moja tu: shamba lina umbo gani? Siwatu akaichukua mikono ya bibi na kuisogeza karibu karibu, ili aone upana. Bibi akaguna. Akasema mkeka mwembamba hula pindo jingi, halafu hulaliwa na mtu mmoja, tena kiubavu.

Siku ya shauri Bibi Mwanamvua akaja na kikapu cha mbaazi na kamba nyembamba ya ukindu, imefungwa ncha kwa ncha. Akaitandaza chini, pana kama sinia. Akamimina mbaazi ndani hadi zikajaa pembeni kote. Kisha akamwambia Shomari ashike upande huu, Siwatu ashike upande ule, wavute.

Wakavuta. Kamba ikawa ndefu, ikawa nyembamba. Mbaazi zikabanwa, zikapanda juu ya kamba, zikamwagika nje. Chwaaa.

"Mume wangu," Bibi akamwita Shomari, kwa utani wa bibi na mjukuu, "kamba imekatika?"

"Haijakatika, bibi."

"Imepungua?"

"Ni ile ile."

"Basi hizi zilizomwagika, zilikuwa chakula cha nani?"

Watu wakazitazama mbaazi. Shomari akacheka kidogo. Akasema mbaazi ni mbaazi na shamba ni shamba. Shamba lake na la shemeji yake ni sawa, kijiji kizima kinajua.

"Vizuri," akasema Bibi. "Kama ni sawa, badilishaneni leo."

Shomari akatazama upande wa shamba lake. Jumbe akamngoja. Watu wakamngoja. Kuku wakaja, wakadonoa mbaazi, ko, ko, ko, na bado Shomari hajajibu.

Jumbe akasimama. Akasema, "Siwatu, chukua jembe lako. Shamba la Shomari ni lako, na lako ni la Shomari. Na watoto wako usiwaache mbali na macho yako."

Msimu ule ghala la Siwatu lilijaa hadi mlango ukagoma kufunga. Na kijiji hakikupima tena kwa kamba peke yake. Walilaza jamvi la Bibi Mwanamvua shambani, wakalihamisha na kulilaza tena, mpaka wakajua shamba limemeza majamvi mangapi. Kila kaya ikapata majamvi sawa.

Ndugu zangu, hesabu haikuanza na ubao wala chaki. Ilikuwapo kwenye pindo la mkeka, ikimngoja mtu wa kuitazama. Iko jikoni kwenu, iko shambani kwenu. Mtu akikuambia kamba ni ile ile, usiinamishe kichwa. Mwombe akuonyeshe imezunguka nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mkeka aukunje, na mbaazi zilizobaki tuzipike.