Nakijwa na Njia ya Zomeazomea

Paukwa!

Pakawa!

Mmenijibu kama watu waliokula wakavimbiwa. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Kale hiyo, kale ya kale, wanyama na watu wakisalimiana njiani na kuombana moto, palikuwa na binti mfinyanzi jina lake Nakijwa. Mama yake alipofariki alimwachia nyumba, kijiwe cha kulainishia vyungu, na shimo la udongo mlimani. Udongo wa shimo lile ulikuwa mwekundu, mlaini, haupasuki motoni. Wanawake wote wa kijiji walichukua udongo hapo, na mlezi wa shimo alikuwa Nakijwa, kama mama yake alivyokuwa.

Asubuhi moja akaenda na jembe lake, akamkuta Ngiri amejilaza ndani ya shimo, matope hadi masikioni.

“Hodi, Bwana Ngiri,” akasema. “Samahani. Hapo ulipolala ndipo tunapochimba udongo.”

“Mnachimba nini? Shimo hili alilichimba baba yangu!” Ngiri akacheka, meno yake yaliyopinda yakang’aa. “Ukibisha, twende kwa mwamuzi. Na wanawake wenzako waambie wakapikie kwenye vibuyu.”

Sasa sikilizeni, Nakijwa alikuwa na kasoro moja. Alikuwa na haraka. Si haraka ya kazi, hapana, ni haraka ya kuomba radhi. Akipita mbele ya watu alikimbia kidogo, kama aliyeiba kuku. Akisema neno alilimeza nusu, asije akawachosha wanaomsikiliza. Nani alimwambia kwamba anachosha? Hakuna! Ndivyo tu alivyojiona, na mimi roho inaniuma nikilisimulia jambo hilo.

Mwamuzi wa nchi ile alikuwa Twiga. Walimchagua kwa sababu anaona mbali. Hawakukumbuka kwamba masikio yake nayo yako mbali. Na kumfikia kulikuwa na desturi yake. Mwenye kesi lazima apite Njia ya Zomeazomea. Watu na wanyama walijipanga mistari miwili, tangu langoni hadi miguuni pa mwamuzi, wakamzomea wapendavyo, ila kumgusa ni mwiko. Wahenga waliiweka desturi hiyo ili ionekane nani analiamini neno lake. Wajukuu wakaielewa vingine. Wao waliona kuzomewa ni kama kunyeshewa, na mvua hukimbiwa. Basi kila mwenye kesi alipita mbio, akafika akihema, na Twiga kule juu akasikia “haa, haa, haa” tu. Kesi ilisikilizwa siku tatu. Asiyesikika siku zote tatu, hana kesi.

Siku ya kwanza ngoma ikalia. Ngiri akatoka mbio, akafika, akapiga ukelele wa neno moja lililomfikia Twiga: “Langu!” Nakijwa akafuata. Mistari miwili ikamwimbia:

“Nakijwa mwana wa chungu, kimbia usije ukapasuka!”

Akakimbia. Akajikwaa. Akafika nguo imemlegea.

“Haa, haa, shi... shimo... haa...”

“Sikusikia,” akasema Twiga kutoka mawinguni. “Bado siku mbili.”

Siku ya pili Nakijwa akajiambia, jana nilikosea kwa sababu sikukimbia vya kutosha. Jamani! Ndivyo tulivyo, dawa ikitushinda tunaongeza kipimo. Ngoma ikalia, Ngiri akatoka mbio, akapiga ukelele: “Langu!” Nakijwa akachomoka kama mshale, na mistari miwili ikaimba:

“Nakijwa mwana wa chungu, kimbia usije ukapasuka!”

Akafika amepoteza kiatu kimoja.

“Haa, haa, ma... mama yangu... haa...”

“Sikusikia,” akasema Twiga. “Bado siku moja.”

Nakijwa akarudi nyumbani akilia waziwazi. Shangazi yake, Nambike, alikuwa mlangoni akimsubiri.

“Umesikika?”

“Sikusikika, shangazi. Kesho nisiposikika tena, shimo la mama limekwenda.”

“Uuuwi! Na wanawake watapikia nini? Watapikia nini?” Shangazi Nambike alikuwa mwema sana, lakini kutuliza mtu hakujua. “Haya, kachote maji, nyumba kavu hii.”

Nakijwa akachukua mtungi, akashuka kijitoni, akaujaza hadi mdomoni. Akarudi nao kichwani. Njiani, juu ya ukuta wa mawe, alikaa Tumbili, ambaye pale kwenye zomeazomea sauti yake ndiyo ilikuwa kali kuliko zote.

“Wee, mwana wa chungu!” Tumbili akaita. “Kimbia!”

Nakijwa alitaka kukimbia. Kweli alitaka. Lakini mtungi uliojaa haukimbizwi, atakaye mbio atafika na mtungi mtupu. Akanyoosha shingo, akatupa macho mbele, akavuta pumzi. Hatua. Hatua. Hatua.

“Kimbia, nimesema!” Tumbili akaita mara ya pili, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Hatua. Hatua. Hatua.

Alipomfikia kabisa, Tumbili akashuka ukutani, akajikuna, akatazama chini. “Shikamoo, dada,” akasema.

“Marahaba,” akajibu Nakijwa, na hakuna tone lililomwagika.

Akaenda mpaka nyumbani, akautua mtungi, akakaa chini akiwaza. Njia ni ile ile. Tumbili ni yule yule, na ulimi wake ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wangu peke yake.

Siku ya tatu akaamka, akaoga, akajipaka mafuta mpaka mikono iking’aa, akafunga nguo nyeusi ya mama yake kwa fundo lisilolegea, akavaa shanga zake. Ngoma ikalia.

“Nakijwa! Ngoma!” akapiga kelele shangazi Nambike. “Ngiri ameshatoka!”

“Nimeisikia, shangazi.”

“Mbona hukimbii, mwanangu?”

“Shimo halina miguu, shangazi. Nitalikuta.”

Shangazi akashika kichwa kwa mikono miwili, akatangulia yeye mbio, maskini, utadhani kesi ni yake.

Nakijwa akafika langoni. Ngiri alikuwa ameshawasili zamani, ameshapiga ukelele wake wa “Langu!” na sasa alikuwa akizungukazunguka. Mistari miwili ikamwona binti, ikaanza:

“Nakijwa mwana wa chungu, kimbia usije ukapasuka!”

Msidhani hakuogopa. Lakini akanyoosha shingo kana kwamba mtungi ungali kichwani, akatupa macho mbele, akavuta pumzi. Hatua. Hatua. Hatua.

Wakaimba mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Alipomwona anayemfahamu, alimwinamishia kichwa. “Habari ya asubuhi, Mama Sungura. Habari ya asubuhi, Bwana Kuro.” Na mtu akikusalimu vizuri hivyo utamzomea vipi? Mama Sungura akanyamaza. Bwana Kuro akaitikia salamu.

Wakaimba mara ya tatu, lakini wimbo wa kukimbiza hauimbiki kwa anayetembea. Ukavutika, ukapoa, ukalala kwenye mwendo wake. Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kuupigia makofi, polepole, kofi kwa kila hatua. Kisha makofi nayo yakakoma, na Njia ya Zomeazomea ikawa kimya, kwa mara ya kwanza tangu wahenga.

Twiga akashtuka. “Kuna nini huko chini?” Akainamisha shingo ile ndefu, akainamisha, akainamisha, mpaka jicho lake likakutana na jicho la Nakijwa. “Nani wewe?”

“Mimi Nakijwa, bwana mwamuzi. Nimekuja mara tatu.”

“Sema basi.”

Nakijwa aliweka sawa nguo yake, akageuka, akamtazama Ngiri.

“Bwana Ngiri, anayechimba shimo hutoa udongo. Udongo alioutoa mama yangu uko katika kila jiko hapa. Ni chungu cha Mama Sungura, ni mtungi wa Bwana Kuro, ni gudulia analonywea mwamuzi. Udongo alioutoa baba yako uko wapi?”

Akanyamaza. Akasubiri. Hakuongeza hata neno moja, na hilo, wenzangu, ndilo gumu kuliko yote.

Ngiri akachezesha masikio. Kimya kile kilimwasha kama upupu. “Baba yangu... udongo... Baba yangu alikuwa mwenye heshima! Hakushika udongo! Sisi hatuchimbi, nani anachimba? Muhanga ndiye anayechimba! Sisi tunasubiri achimbe, akitoka tunaingia!”

Kicheko kikalipuka mistari yote miwili. Ngiri akaziba mdomo kwa kwato, lakini neno likitoka halirudi.

“Nimesikia,” akasema Twiga. “Nimewasikia wote wawili. Shimo ni la Nakijwa, na baada yake ni la atakayemrithisha. Na kuanzia leo, atakayekuja kwangu mbio nitamrudisha langoni atembee. Miaka yote hii nimekuwa nikihukumu pumzi za watu!”

Ngiri alitimua mbio, mkia juu, na alipofika kichakani akasahau alikuwa akikimbia nini. Mtazameni hata leo.

Langoni alisimama shangazi Nambike, akihema kwa mbio zake. Alitaka kupiga kigelegele, pumzi ikakataa. Nakijwa akamshika mkono, akamngoja. Shangazi akavuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kigelegele kikatoka, kirefu, wanawake wote wakakidaka. Wakashika njia ya mlimani, majembe begani, Nakijwa mbele. Jua lilikuwa limeshapanda na kazi ilikuwa nyingi, lakini hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Hadithi yangu imefika ilikokuwa ikienda, nami naitua hapa.