Uso wa Kwanza Atakaouona Mama

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto ampakate, maana hadithi hii haina kelele. Kusimulia ni kazi yangu. Kuamua nawaachia ninyi.

Upande wa Kagera kulikuwa na mama mjane aitwaye Kokubelwa, msukaji wa vikapu vya nyasi vyenye vifuniko. Alikuwa na watoto watatu. Kemilembe, wa kwanza, alijaliwa mikono; nyasi ngumu zilikuwa laini akizishika yeye. Rwegasira, wa kati, alijaliwa uvumilivu wa njia. Aliendesha bodaboda, na mvua wala vumbi havikumrudisha. Asimwe, wa mwisho, alijaliwa ulimi. Aliongea na mtu kwenye simu mpaka yule mtu akasahau kwamba hawajawahi kuonana.

Mama yao alipatwa na mtoto wa jicho. Ukungu ulikuja taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anawatambua watu kwa hatua zao. Daktari wa mjini alisema macho yale yanatibika, waanze na la kulia, lakini matibabu yalihitaji fedha. Wao walikuwa na vikapu tu, na vikapu vilishinda sokoni vikarudi nyumbani, kwa sababu watu wa pale wanavyo tayari.

"Basi tuviuze kwa watu wasiokuwa navyo," alisema Asimwe, akaanza kuweka picha mtandaoni.

Mama akasema, "Mambo yenu ya simu siyajui. Ila sikilizeni. Siku nikifunguliwa jicho, uso wa kwanza kuuona nataka uwe wa yule aliyenifikisha siku hiyo. Mmoja tu. Niutazame nishibe, halafu wengine mje."

"Na kama tumesaidiana?" aliuliza Rwegasira.

"Mtajuana wenyewe. Mimi nitakuwa nimelala pale na kitambaa usoni."

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Asimwe alikuwa anapanda juu ya kichuguu nyuma ya migomba, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri. Kutoka hapo alimpata mama mmoja wa Kampala aitwaye Nalubega, aliyekuwa anajiandaa kwa sherehe ya utambulisho wa binti yake, siku mchumba anapoletwa kwa wazazi. Alitaka vikapu vingi vya kubebea zawadi. Lakini Nalubega aliwahi kutapeliwa na mtu mwenye picha nzuri.

"Picha hata mwizi anazo," alisema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Nitajuaje kama ninyi mpo?"

Asimwe hakubishana naye. Alipiga simu ya video, akampitisha Nalubega kwenye migomba, kwa kuku, kwa Kemilembe aliyekuwa anasuka, mpaka kwa mama aliyeketi mkekani.

"Mama, una mgeni kutoka Kampala."

"Mgeni? Mbona hamjampa kahawa?"

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa ikakaushwa na maganda yake, na hutolewa ndani ya kikapu kidogo. Mama akapapasa pembeni, akakipata kikapu chake, akakifunua, akakinyoosha kwa mikono miwili kuelekea kwenye ile sauti. Kisha Nalubega akasema, "Mwambie nimepokea, ahsante. Anzeni kusuka."

Kemilembe alisuka. Mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni, na muda wa kusuka ulikuwa ule mtoto anapolala. Vidole vilipasuka, akavipaka mafuta, akaendelea. Kila kikapu kilichomalizika alimpelekea mama akikague kwa mikono.

"Hiki fumua hapa."

"Mama, hapo hapaonekani hata kidogo."

"Wewe unaona, mimi nashika. Fumua."

Akafumua. Alifumua hata vile ambavyo angeweza kuvipitisha, maana vidole vya mama havikupita kila mahali. Mwisho wa kazi vikapu vilikuwa vizuri kiasi kwamba majirani waliokuwa navyo tayari walianza kuuliza bei. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, Kemilembe hakuweza kumpelekea mtu kikapu kitupu. Katika kila kimoja alitia kahawa ya kutafuna kidogo, akafunga kifuniko, wala hakumwambia mtu.

Rwegasira alivifunga kwenye pikipiki mpaka yeye mwenyewe hakuonekana kwa nyuma. Alifika mpakani Mutukula siku moja kabla ya sherehe. Afisa akafunua kikapu.

"Hii ni kahawa. Kibali chake kiko wapi?"

"Kahawa gani, mkuu? Mimi nimebeba vikapu."

Afisa akafunua kingine, na kingine. Rwegasira akashika kichwa.

"Hii ni kazi ya dada yangu," alisema. "Ni ya kutafuna tu, mkuu. Ni adabu ya nyumbani."

"Adabu yote hii? Vikapu vipite. Kahawa bila kibali haipiti."

Angeweza kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu, lakini sherehe isingemsubiri. Akaketi kando ya barabara, akaanza kumimina kikapu kimoja kimoja. Kumwaga chakula cha mgeni hakuweza, kwa hiyo akawagawia watu: madereva wa malori, wauza chai, akina mama waliokuwa kwenye foleni. "Karibu kahawa," alimwambia kila aliyepita, kama mtu mwenye sebule yake pale mpakani. Mvua ikaanza. Akavua koti lake la mvua, akavifunika vikapu, akaloa yeye. Afisa alipoona koti limewekwa wapi, aliita wenzake wamsaidie kumimina. Rwegasira akaiacha pikipiki pale, akavuka na vikapu, akapanda basi akiwa bado analowanisha kiti, na asubuhi ya sherehe vikapu vilikuwa mikononi mwa Nalubega, vikavu.

Nalubega alilipa kwa simu papo hapo. Kule Kagera, Asimwe akiwa juu ya kichuguu, simu ikatetemeka mkononi mwake. Akashuka mbio huku akilia, na Kemilembe akadhani kaka yao amepata ajali.

Mama akapelekwa mjini, jicho la kulia likafanyiwa upasuaji, likafungwa. Kesho yake watoto walikaa kwenye benchi nje ya wodi.

Asimwe alisema, "Bila mimi Nalubega angetujulia wapi? Na tena ukungu ulimziba macho nikiwa mdogo wa kubebwa. Mama hajawahi kuniona nikiwa mtu mzima. Akikutana nami njiani, hanijui."

"Angekujua kwa mdomo," alisema Rwegasira. "Na mimi je? Watu wote wanasema nimekuwa marehemu baba mtupu. Mama huwa ananipapasa uso, anauliza, kweli umekuwa kama yeye? Na bila mimi vikapu vingelala Mutukula."

"Walikuzuia kwa sababu ya kahawa ya dada," alisema Asimwe.

"Na bila vikapu vya dada mngevusha nini?" alisema Kemilembe. Alimgeuza mtoto wake, akampandisha begani. "Huyu ana jina la mama. Mama anamwogesha, anamlisha, anambembeleza, na hajui ana sura gani. Nikiingia mimi, na huyu ataingia."

Hapo ubishi ukaisha, maana kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake.

Muuguzi akafungua mlango. "Mama yenu yuko tayari. Amesema aingie mmoja."

Hakuna aliyenyanyuka. Asimwe akamtazama mtoto. Kemilembe akamtazama kaka yake, na koti lake ambalo bado lilikuwa na tope. Rwegasira akamtazama mdogo wake, mtu mzima ambaye mama hajawahi kumwona.

Kutoka ndani wakamsikia mama akiuliza, "Mbona sisikii hatua? Nani anakuja?"

Muuguzi amerudi kitandani, ameshika ncha ya kitambaa, na mlango uko wazi. Wewe uliyenisikiliza, ungekuwa umesimama pale kwenye benchi, ungemshika nani mkono ukamwambia, ingia?