Punda Mlangoni Siku ya Harusi

Bwana Shekuwe, tajiri wa mawe ya kujengea pale Lamu, alikuwa na punda mzee, mgongo vidonda vitupu. Bi Esha, mkaanga viazi wa jirani, alimwomba ampe akamtunze.

"Punda wangu atafia kwenye mzigo," Shekuwe akamjibu. "Wewe kaanga viazi vyako."

Asubuhi ya harusi ya bintiye, Shekuwe alifungua mlango akaganda. Punda alikuwa chali katikati ya kichochoro, akikoroma na kutupatupa miguu hewani. Kichochoro chenyewe watu wawili hawapishani bila kugusana mabega, na matari ya bwana harusi yalishasikika yakija.

"Masikini, anakata roho," akasema Bi Esha, mkono kifuani. "Bwana harusi ataingia kwako kwa kuruka mzoga?"

"Mwondoe, Bi Esha, nakuomba!"

"Mimi? Nimguse punda wa mtu?"

"Wako! Nimekupa! Majirani nyote mmesikia. Mburure, mzike, ufanye utakalo!"

Bi Esha akainama, akamkuna punda sikio. Punda akasimama wima, akajikung'uta kwa nguvu, na vumbi la kijivu likaifunika kanzu mpya ya Shekuwe.

Shekuwe akajipangusa, akavitazama vidole vyake. "Jivu? Nani kamwaga jivu mlangoni kwangu?"

"La jiko langu la viazi hilo, bwana," akajibu Bi Esha, keshaanza kwenda zake na punda wake. "Miaka yote hiyo umemfuga, hukujua kwamba akiona jivu lazima agaragare?"