Kipimo cha Tangi la Mkongeni

"Usimwite mwongo kabla hujajua anaanzia wapi." Mmeisikia kwa mafundi leo, nanyi mnauliza imetoka wapi. Mimi nilikuwa mlinzi wa pampu siku ilipozaliwa, basi sikilizeni.

Kompyuta iliyoendesha maji ya mji wetu wa Mkongeni ilikufa kwa uzee, na vipuri vyake havikupatikana tena. Bi Chambuso, fundi wetu, akaandika programu ya kuiga mashine ile nzima ndani ya kompyuta mpya, pamoja na kifaa cha pampu na kifaa cha kipimo cha tangi.

Siku ya kuiwasha, pampu ilikuwa imejaza tangi tangu alfajiri, mabomba ya mjini yamefungwa. Kioo cha kompyuta kikaonyesha kina cha maji: mita 1280. Tangi lenyewe halifiki mita sita.

Mhandisi Kibassa, mkuu wetu, akafoka. "Kipimo chako ni mwongo! Kiondoe, pampu iendelee hadi jioni."

"Sikiondoi."

"Hiyo ni amri, Bi Chambuso."

"Nimeisikia, Mhandisi. Lakini chini ya tangi wanalala watu. Sijazi maji kwa kukisia." Akazima pampu mbele ya macho yake.

"Utafukuzwa kazi!"

"Nifukuze nikishamaliza."

Akaketi, akaichunguza ile namba. Iliandikwa kwa vipande viwili. Kipimo cha zamani kilianzia kipande kikubwa, chenye thamani ya juu. Kompyuta mpya ilisoma ikidhani kidogo ndicho kimetangulia, hivyo tano ya kipande kidogo ikahesabiwa mara 256, ikawa 1280.

"Basi geuza namba zote, tuondoke hapa," Kibassa akasema.

"Hapana. Pampu ilitengenezwa kwingine, yenyewe hutanguliza kidogo. Nikigeuza zote, nitaponya kimoja niharibu kingine. Kila kifaa kitaandikiwa mpangilio wake."

Akaandika: kipimo, kikubwa kwanza; pampu, kidogo kwanza. Kioo kikaonyesha mita tano. Ukuta wa tangi lile ulijengwa kubeba mita tano tu; zaidi ya hapo ungepasuka.

Kibassa hakuamini. Akapanda ngazi mwenyewe, akachungulia. Aliposhuka mkono wa shati lake ulikuwa umelowa; maji yalikuwa yamefika mita tano kweli.

"Nani alikuwa mwongo, Mhandisi?" Bi Chambuso akamuuliza, huku akifungua mabomba ya mjini.

Barua ya kumfukuza Bi Chambuso haikuandikwa kamwe. Tangu siku ile, mtu akidharau maneno ya mwenzake karakana yetu nzima humwambia: usimwite mwongo kabla hujajua anaanzia wapi.