Sauti ya Mama kwenye Kompyuta ya Sebuleni

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana intaneti ilikuwa imeshapanda hadi Lushoto, Zubeda Shemboza alikuwa na kaka anayejua kila kitu. Jina lake Hemedi. Alisomea kompyuta mwezi mzima, akarudi mkubwa kuliko kampuni zote duniani.

Mama yao alikuwa amefariki na kuacha hadithi kumi na mbili alizorekodiwa akisimulia. Baba yao, ambaye macho yalishapofuka, alizisikiliza kwa simu kila alasiri. Zubeda ndiye aliyezihifadhi, kwenye mtandao wa kampuni moja ya ng'ambo.

"Mama yetu amepanga kwa wageni?" Hemedi akasema. "Futa huko, acha utumwa. Nitamweka hapa nyumbani, kwenye kompyuta yangu."

Akahamishia hadithi humo, akaiwasha sebuleni, usiku na mchana, na kweli baba akazisikia kwa simu kama kawaida. Bwana mkubwa akatembea kifua mbele. Nakala ya pili hakuweka, eti nakala ni za waoga.

Zubeda alilijua hilo, tena vizuri. Lakini alichoka kuitwa mtumwa, basi akafuta za ng'ambo kwa furaha.

"Nimefuta, kaka mtaalamu. Tuone."

Wakaja wageni wa posa. Shangazi Mwanahawa akaiona kompyuta inanguruma mbele za watu, akaona aibu. Akaivika kitambaa cha kufuma chenye maua, kama alivyovivika redio, televisheni na friji. Hemedi alikuwa amebandika karatasi: USIFUNIKE. Shangazi akaifunika pamoja na karatasi yenyewe. Wageni wakaondoka, kitambaa kikabaki, maana kilipendeza. Siku ya pili sebule ikanuka plastiki. Diski yenye hadithi ilikuwa imeungua.

Basi wakasimama watatu mlangoni kwa Mzee, baba yao, kila mmoja akijivua lawama.

"Mimi niliwapa kitu chenu wenyewe," akasema Hemedi. "Mliokiua ni ninyi."

"Mimi nilifanya ulivyosema," akajibu Zubeda, na moyo ukamsuta palepale.

"Mimi nilipamba nyumba," akasema shangazi. "Tangu lini kitambaa kikaunguza kitu?"

Ndani, Mzee alikuwa akibonyeza simu, anabonyeza tena.

"Zubeda, mwanangu, mbona mama yako leo kanyamaza?"

Kila mmoja akamsukuma mwenzake atangulie. Haya, ninyi mnaowacheka, semeni: kati ya hao watatu, nani alistahili kuingia kumwambia?